Kupanga Nyumba Kibaha Huku Kazi Ikiwa Dar es Salaam: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Karibu kila mwezi huulizwa maswali yale yale: ni mtaa gani wa Kibaha unaomfaa mtu anayefanya kazi Kariakoo au Posta, kodi ilipwe kwa miezi mingapi, dalali alipwe lini, na kama maji yanapatikana kweli. Nimeishi Kibaha nikiwa mpangaji, nimewatafutia vyumba ndugu na wafanyakazi wenzangu, na nimewaona watu wakirudi Dar es Salaam baada ya miezi mitatu huku kodi ya miezi mitatu mingine ikibaki mikononi mwa mwenye nyumba. Karibu wote walikwamishwa na hesabu ambayo ingefanyika kwa nusu saa kabla ya kuhama, na ndiyo sababu nimeamua kuandika hatua hizi kwa mpangilio.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya katikati ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Mwongozo huu unamhusu hasa mtu anayetaka kulala Kibaha na kufanya kazi jijini. Ikiwa kazi yako iko kwenye viwanda vya Visiga au Zegereni, au katika hospitali ya Tumbi, hatua zinazohusu usafiri unaweza kuziruka.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha Taifa au angalau namba yake ya NIDA, pamoja na nakala mbili.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakoishi sasa. Ni rahisi kuipata kabla hujahama kuliko baada ya kuhama.
- Fedha za kodi ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja.
- Fedha za dalali, ambazo kwa desturi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja.
- Akiba ya kuhamisha vyombo, kubadilisha vitasa, na kununua ndoo na mapipa ya maji.
- Siku mbili za kutembea, moja kati yake iwe siku ya kazi.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi picha.

Ukikosa kimojawapo cha viwili vya mwanzo, subiri. Ukikosa siku ya kazi ya kutembea, subiri pia, hata kama dalali anakwambia chumba kitachukuliwa leo jioni.

Hatua ya 1: Fanya hesabu ya kodi na nauli kwa pamoja

Watu huvutwa na kodi ndogo, kwa kuwa fedha inayotosha chumba kimoja mjini huweza kukupatia chumba na sebule Kibaha, na wakati mwingine nyumba ya kujitegemea yenye uwanja wa kufulia na mwembe wa kivuli. Lakini nauli haimo katika kodi, na hulipwa kila siku.

Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme kuhamia Kibaha kunakupunguzia kodi kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Sasa hivi unatumia shilingi 1,500 kwa siku kwenda kazini na kurudi, na ukihama utatumia shilingi 4,500 kwa sababu utapanda bodaboda kutoka mtaani, daladala hadi Mbezi, kisha gari jingine la mjini. Kwa siku 24 za kazi, nauli itapanda kutoka shilingi 36,000 hadi shilingi 108,000, yaani ongezeko la shilingi 72,000. Umebakiwa na shilingi 8,000, na bado hujahesabu chakula cha jioni unachonunua njiani kwa sababu umefika nyumbani umechoka. Andika hesabu hiyo kwa tarakimu zako mwenyewe, na ikiwa mpo wawili mnaokwenda mjini kila siku, ongezeko la nauli lizidishe mara mbili.

Hesabu hii huwa na sura tofauti kabisa kwa familia ambayo mmoja tu anakwenda mjini, na kwa mtu anayekwenda kazini siku tatu kwa wiki. Hao ndio ambao Kibaha huwafaa zaidi, na nawashauri bila kusita.

Hatua ya 2: Safiri siku moja ya kazi kama mkazi

Usiipime Kibaha siku ya Jumapili. Jumapili barabara ni nyeupe, nawe utajiambia kuwa mji uko karibu. Lala kwa ndugu, rafiki au nyumba ya wageni Jumapili usiku, kisha Jumatatu amka saa kumi alfajiri, toka mtaani kwa miguu hadi barabarani, panda gari wanalopanda wenyeji, na uandike saa ulizofika Mbezi, Kimara na kazini. Jioni rudi kwa njia hiyo hiyo.

Sehemu kati ya Kimara na Kibaha, yenye urefu wa kilomita 19.2, ilipanuliwa kuwa njia nane, na ilileta nafuu kubwa kwa wakazi wa upande huu. Ugumu huwa katika kubadilisha magari. Tangu kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa Mbezi mwaka 2021, eneo lile limekuwa na watu wengi mno, na jioni utashindania nafasi na wasafiri wenye mizigo. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji yana barabara yao wenyewe, lakini foleni ya kuyapanda asubuhi ni sehemu ya safari, kwa hiyo nayo ihesabu kwa dakika.

Ukivuka mtaa wa Maili Moja kuelekea Visiga na Mlandizi, unaingia katika sehemu inayotumiwa na malori yanayokwenda na kutoka Morogoro na nchi jirani. Lori moja likiharibika jioni, safari ya dakika kumi na tano huweza kuwa ya saa nzima. Ndiyo maana nasema kilomita tano za ziada baada ya Maili Moja si sawa na kilomita tano za kabla yake.

Wengine huambiwa kwamba Kibaha ina treni ya kisasa. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina kituo Soga, ambako ni Kibaha vijijini, mbali na mitaa ya mjini inayozungumzwa hapa. Usichague nyumba ya Maili Moja au Tumbi kwa kutegemea treni hiyo.

Hatua ya 3: Chagua mtaa kwa umbali wa miguu

Swali la kwanza kwa kila mtaa liwe hili: kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala ni dakika ngapi kwa miguu, na je, ninaweza kuzitembea saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku bila hofu?

Mitaa iliyo karibu na barabara kuu, kama Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias na Tumbi, ina kodi kubwa kidogo, lakini soko, maduka ya dawa na usafiri viko jirani. Ukiingia ndani zaidi, kama Pangani na Msangani, kodi hushuka na viwanja huwa vikubwa, ila utategemea bodaboda au bajaji, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, baadhi ya njia za udongo huharibika. Mwenye watoto wa shule ya msingi aangalie pia kama mtoto atalazimika kuvuka Barabara ya Morogoro kwenda shuleni. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuukataa mtaa.

Hatua ya 4: Mtumie dalali, lakini mlipe baada ya kazi

Dalali anaujua mji na anakuokolea siku nyingi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkwepa. Ila kubalianeni mapema mambo mawili: atalipwa kiasi gani, na atalipwa lini. Jibu la swali la pili liwe moja tu: baada ya wewe kuonana na mwenye nyumba, kusaini mkataba na kupokea ufunguo. Wengine hudai ada ndogo ya kukuonyesha nyumba. Ukikubali kuilipa, ilipe kwa siku nzima ya kutembea na si kwa kila chumba, maana utapelekwa vyumba saba ambavyo alijua tangu mwanzo kuwa havikufai.

Onyo: usitume fedha yoyote ya "kushikilia chumba" kwa simu kabla hujakiona chumba na kuonana na mwenye nyumba. Picha ya chumba chenye marumaru na dari ya jipsamu inaweza kutumwa na watu kumi kwa wateja mia.

Hatua ya 5: Kagua maji kabla ya kitu kingine chochote

Kibaha iko jirani na Mto Ruvu, na mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi hupitisha maji kuelekea Dar es Salaam kwa njia hii hii. Watu hudhani kwa hiyo kila bomba la Kibaha lina maji. Si hivyo. Mitaa iliyoinuka hupata maji kwa zamu, nyumba nyingine bado hazijaunganishwa, na mto ukipungua shida huwa ya wote, kama ilivyotokea Oktoba 2022 DAWASA, mamlaka ya maji ya huku, ilipolazimika kugawa maji kwa mgawo.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa kodi ya miezi sita kwenye nyumba yenye mabomba mapya jikoni na bafuni. Niliyafungua, hayakutoa kitu, nikaambiwa kuwa maji yamekatika asubuhi ile. Hayakuwahi kutoka hadi nilipohama. Bomba la nje ndilo lililokuwa na maji, mara mbili kwa wiki, usiku wa manane, na miezi yote sita nililala nikisikilizia mlio wa ndoo. Tangu hapo hukagua hivi:

Fungua kila bomba mbele ya mwenye nyumba. Uliza mita ya maji iko wapi na uombe kuona bili ya mwezi uliopita. Tazama kama kuna simtenki, lina ukubwa gani, limeinuliwa juu ya mnara au liko chini, na linahudumia nyumba ngapi. Kisha toka nje, mwendee mpangaji mwingine au jirani anayefua, msalimie vizuri, umuulize maji hutoka siku gani na saa ngapi. Jirani hana sababu ya kukudanganya. Kama maji ni ya kisima, yaonje: mengine yana chumvi, yanafaa kufulia na kuoshea lakini si kupikia chai.

Hatua ya 6: Uliza kuhusu umeme na mita ya LUKU

Uliza kama nyumba ina mita yake au mnachangia mita moja. Jambo hili linagusa fedha kuliko watu wanavyofikiri. Kwa viwango vya TANESCO nilivyovizoea, mteja mdogo ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ilhali mteja wa kundi la kawaida huuziwa kwa shilingi 292. Wapangaji watatu wanaotumia uniti 40 kila mmoja wangekuwa wateja wadogo kama kila mmoja angekuwa na mita yake. Wakichangia mita moja, matumizi yao yanakuwa uniti 120, na mita hiyo haiwezi kubaki katika kundi la wateja wadogo. Uniti 40 zilizokuwa shilingi 4,000 zinakuwa shilingi 11,680 kwa kila mmoja.

Kama mita ni ya kuchangia na huna namna, kubalianeni kwa maandishi nani ananunua, kwa mzunguko gani, na mwenye friji au pasi anaongeza kiasi gani. Mita ndogo ya ndani kwa kila mpangaji ni suluhisho la haki zaidi.

Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kiwango cha nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kilipandishwa mwaka 2023 kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Mweleze mwenye nyumba kwa upole kabla ya kusaini, na muandike kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Hatua ya 7: Kagua jengo lenyewe

Hapa sina mengi, kwa kuwa macho yako yanatosha. Angalia madoa ya unyevu kwenye dari na chini ya kuta, nondo za madirisha, nyavu za mbu, na mahali choo kinapomwaga. Nenda siku moja baada ya mvua ikiwezekana. Washa kila taa. Uliza taka hutupwa wapi.

Hatua ya 8: Hakikisha unayemlipa ana haki ya kupangisha

Omba kuonana na mwenye nyumba ana kwa ana. Kama anaishi mbali, zungumza naye kwa simu ya video mbele ya msimamizi, na uombe barua inayomruhusu msimamizi huyo kupokea kodi. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, na uulize kama nyumba hiyo ni ya mtu huyo na kama ina mgogoro wa mirathi au wa ndugu. Watu wengi hukwepa hatua hii kwa kuona haya, lakini viongozi wa mtaa wamezoea kuulizwa, na ziara hiyo hiyo inakuandikisha kuwa mkazi.

Hatua ya 9: Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua pango la muda mfupi hata likiwa la maneno, lakini maneno hayana ushahidi siku mnapokosana. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinachokulinda dhidi ya kupandishiwa kodi ghafla ni kile mlichokubaliana na kukitia saini.

Mkataba utaje majina kamili na namba za vitambulisho, mtaa na maelezo ya chumba, kiasi cha kodi na muda ulioulipia, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani analipia maji, umeme, taka na ulinzi, nani anatengeneza kipi kikiharibika, notisi ya kuhama kwa pande zote mbili, na namna fedha ya miezi isiyokaliwa itakavyorudishwa ukihama mapema. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa na ndicho kinacholeta ugomvi. Wekeni shahidi mmoja kila upande, na kila mmoja abaki na nakala.

Lipa kwa benki au kwa simu ili rekodi ibaki. Ukilipa taslimu, dai risiti iliyoandikwa tarehe, kiasi na miezi inayolipiwa. Kama unaweza, anza na miezi mitatu hata ukiwa na fedha ya mwaka mzima, kwa sababu miezi mitatu inatosha kukuonyesha maji, jirani na barabara.

Hatua ya 10: Pokea nyumba kwa picha

Kabla ya kuingiza hata kiti, piga picha za kila ukuta, kitasa, bomba, kioo na soketi, pamoja na kipimo kinachosomeka kwenye mita za maji na umeme. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo. Badilisha kitasa cha mlango wa nje, maana hujui ni funguo ngapi zimebaki kwa waliotangulia. Hamia asubuhi, jitambulishe kwa majirani wa pande zote, na uchukue namba ya simu ya mjumbe na ya bodaboda mmoja mwaminifu wa kituo chako.

Mambo yakienda vibaya

*Maji hayatoki kama ulivyoahidiwa.* Mjulishe mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi wenye tarehe, kisha uliza DAWASA kama tatizo ni la mtaa mzima au la nyumba yenu. Kama mita imefungwa kwa sababu ya deni la zamani, deni hilo si lako. Ukikubaliana kulilipa ili maji yarudi, andikeni kwamba litakatwa kwenye kodi ijayo.

*Umeme wa LUKU unaisha haraka kuliko kawaida.* Zima kila kitu ndani, kisha itazame mita. Ikiendelea kuhesabu, kuna waya unaokwenda kwingine, mara nyingi kwenye chumba cha uani au duka la mbele. Mwite fundi mwenye leseni pamoja na mwenye nyumba, na usikate waya mwenyewe.

*Mwenye nyumba anataka kupandisha kodi katikati ya muda uliokwisha kulipiwa.* Mwonyeshe mkataba, na mzungumze bei mpya itakayoanza muda huo ukiisha. Kama hakuna maandishi, mwombe mwenyekiti wa mtaa awakalishe.

*Unaambiwa uhame kabla ya notisi, au mlango umefungwa kwa kufuli.* Usivunje kufuli. Toa taarifa serikali ya mtaa, na kama vyombo vyako viko hatarini, toa taarifa polisi. Baraza la Kata husaidia kupatanisha, na shauri lisilopatana hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa mkataba, risiti na picha.

*Anajitokeza mtu mwingine anayedai nyumba ni yake.* Acha kulipa kodi mpya kwa yeyote kati yao hadi ofisi ya mtaa ikutane na pande zote mbili, lakini tenga fedha ya kodi kila mwezi ili usije ukaonekana umekataa kulipa.

*Safari imekushinda.* Jaribu kwanza kubadilisha saa: kuna tofauti kubwa kati ya kutoka Maili Moja saa kumi na nusu alfajiri na saa kumi na mbili kasoro. Omba kazini kama unaweza kuingia mapema na kutoka mapema. Ikishindikana, toa notisi kama mkataba unavyosema na umtafutie mwenye nyumba mpangaji wa kuchukua nafasi yako. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kurudishiwa miezi iliyobaki, kwa kuwa anayeingia ndiye anayeleta fedha ya kukulipa.

*Dalali anadai fedha ya ziada baada ya kuhamia.* Mlikubaliana kiasi na wakati kabla ya kuanza kutembea. Mrejeshe kwenye ujumbe mlioandikiana, na kama hukuandika chochote, mwite mwenye nyumba ashuhudie mliyoyasema siku ya ufunguo.